Kwa nini fomu ya Laravel hujibu "419" ilhali mtandao upo?

Muulize mwenye nyumba ya wageni pale Shela, Lamu, kwa nini fomu yake ya kuweka chumba, iliyojengwa kwa Laravel (mfumo wa PHP wa kuundia tovuti), imegoma, jibu li tayari: mtandao wa kisiwani. Mgeni alijaza jina na tarehe, akapanda mashua kwenda Manda, jioni akabonyeza kitufe, akatolewa 419, ukurasa umepitwa na muda. Lawama zote kwa mnara wa simu.

Mnara hauna kosa. Namba hiyo hutoka kwenye seva. Ili mgeni aione, ombi lake lilifika, likasomwa, likakataliwa, na jibu likarudi salama. Mtandao ukikatika, seva haina habari. Kivinjari ndicho hulalamika, kwa maneno yake chenyewe. Kwa hiyo 419 ni ushahidi kwamba mtandao ulifanya kazi, tena kwenda na kurudi.

Kinachokosekana ni tokeni. Laravel humpa kila mgeni herufi 40 za kubahatisha, mfano wa mwenye duka achanaye karatasi vipande viwili: kimoja abaki nacho, kingine mteja aende nacho, na mzigo hautoki mpaka mipasuko ioane. Kipande cha seva hukaa kwenye kikao, yaani kumbukumbu ya seva juu ya mgeni huyo. Cha mgeni hufichwa ndani ya fomu. Usipobadilisha mipangilio, kikao huishi dakika 120 tangu mgeni aonekane mara ya mwisho. Baada ya hapo mgeni angali na kipande chake, ila dukani hakuna cha kukioanisha nacho. Yote hayo ni kumzuia tapeli: aweza kukifanya kivinjari chako kitume ombi, kuki zinazokutambulisha zikaenda zenyewe, lakini kipande hicho hawezi kukisoma.

Si lazima muda uwe umepita, ujumbe useme utakavyo. Ukisahau @csrf, agizo linaloweka tokeni kwenye fomu, au ukiingia akaunti kwenye kichupo kingine, 419 ni ileile. Namba yenyewe haimo katika orodha rasmi ya HTTP, lugha ya vivinjari na seva, na CodeIgniter, mfumo mwingine wa PHP, hutumia 403. Jirani yake, 418, ni mzaha wa tarehe 1 Aprili 1998: birika la chai likikataa kupika kahawa.

Taarifa za malipo ya M-Pesa nazo hugonga 419 zikielekezwa njia ya kawaida ya wavuti, maana seva inayozituma haijawahi kufungua fomu yako. Njia hiyo moja isamehewe tokeni, malipo yahakikiwe vingine. Wapo wanaosamehe tovuti nzima ili 419 ipotee, na kweli hupotea.