Vidonge vya vitamini C havizuii mafua

Msimu wa korosho ukifika huku Newala, watu wakianza kupiga chafya, vidonge vya vitamini C hununuliwa kama njugu. Imani hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1970 Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani mwenye tuzo mbili za Nobeli, alitangaza kwamba dozi kubwa huzuia mafua. Majaribio mengi yaliyofuata hayakumuunga mkono: kwa mtu wa kawaida, kumeza kila siku hakumkingi, labda hufupisha ugonjwa kidogo tu. Kinachozidi mahitaji hutoka na mkojo, pamoja na pesa yako.

Kichekesho ni kwamba chini ya mikorosho yetu mabibo yanaoza, nayo yana vitamini C kuzidi chungwa. (Yasiyooza huishia kwenye uraka, pombe ya mabibo, hilo tuliache.)

Si kila kidonge ni kazi bure, lakini. Mjamzito akipewa vya madini chuma na asidi ya foliki kliniki, avimeze. Mahitaji yake yamepanda kweli. Vitamini A ndiyo ya kuogopa kujinunulia: haitoki na mkojo, hurundikana kwenye ini, na ikizidi humdhuru mtoto tumboni.