Kugeuza vipimo vya zamani vya mng'ao: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukifungua mwongozo wa zamani wa projekta ya sinema, au ukisoma majibu ya kipimo cha macho, unaweza kukutana na futi-lambati, apostilbi, lambati au stilbi. Vyote vinapima jambo moja: uso fulani unang'aa kiasi gani machoni pa anayeutazama. Kipimo rasmi leo ni kandela (kipimo cha nguvu ya mwanga kuelekea upande mmoja) kwa mita ya mraba, ambacho wauza televisheni wanakiita niti. Kugeuza ni hesabu fupi, lakini wengi wanaikosea palepale.

Dhana: Futi-lambati moja ni kandela moja kwa futi ya mraba.

Ukweli: Hapana. Mita ya mraba ina futi za mraba 10.764, kwa hiyo kandela moja kwa futi ya mraba ni niti 10.764. Futi-lambati ni hiyo namba ikigawanywa kwa pai (3.1416), yaani niti 3.426. Kiwango kilichozoeleka cha skrini ya sinema ni futi-lambati 14, sawa na niti 48. Fundi akiisahau pai atapata 151, kisha ahangaike kuongeza taa ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Dhana: Pai imewekwa bila sababu.

Ukweli: Sababu ipo, na ni nzuri. Waliotunga apostilbi walifikiria uso unaorudisha mwanga wote unaoupokea na kuutawanya, ukawa unang'aa sawa ukitazamwa kutoka upande wowote. Uso huo ukimulikwa kwa laksi 1 (laksi hupima mwanga unaoufikia uso), mng'ao wake ni apostilbi 1. Basi ukuta mweupe unaorudisha asilimia 80 ya mwanga, ukipata laksi 100, una apostilbi 80. Hesabu ya kichwani. Pai unailipa mwishoni tu: 80 gawanya kwa 3.1416 ni niti 25.5. Lambati ni apostilbi 10,000, kwa hiyo ni niti 3,183. Stilbi ndiyo yenye mtego, maana haina pai ndani yake. Ni kandela moja kwa sentimita ya mraba, sawa na niti 10,000 kamili.

Dhana: Lumeni za projekta, yaani jumla ya mwanga inaoutoa, zinageuzwa kuwa niti kwa namba moja maalumu.

Ukweli: Haiwezekani bila kujua ukubwa wa skrini na inavyorudisha mwanga. Lumeni 2,000 kwenye skrini nyeupe ya mita za mraba 3 inayotawanya mwanga wote sawasawa ni takribani niti 212. Tandaza mwanga uleule kwenye mita za mraba 6, zinabaki 106.

Dhana: Apostilbi imebaki vitabuni tu.

Ukweli: Iko kliniki, na hapa ndipo kosa linapomgusa mtu. Mgonjwa wa glaukoma, ugonjwa wa macho unaopunguza eneo la kuona, hupimwa eneo ambalo jicho linaona kwa vitone vya mwanga juu ya bakuli jeupe lenye mng'ao wa apostilbi 31.5, yaani niti 10. Majibu, yaani kitone hafifu zaidi ambacho jicho limekiona, huandikwa kwa desibeli, na watu hudhani desibeli 30 ni ileile popote. Kwenye mashine ya Humphrey, desibeli 0 ni kitone cha apostilbi 10,000, na kila desibeli 10 hukipunguza mara kumi. Kwa hiyo desibeli 30 ni apostilbi 10. Zipo mashine nyingine ambazo sifuri yake ni apostilbi 4,000. Kitone kilekile cha apostilbi 10 huko kinasomeka desibeli 26. Mgonjwa aliyehama hospitali anaweza kuambiwa ameshuka kwa desibeli 4 wakati jicho lake halijabadilika. Muda wa kitone kuwaka nao hutofautiana kati ya mashine, kwa hiyo hata ukigeuza vizuri, ni salama zaidi kufuatilia ugonjwa kwa mashine moja. Ukihama, beba karatasi za majibu ya awali na uulize zilitoka kwenye mashine gani.

Dhana: Mshumaa wa kipimo wa zamani ni kandela iliyobadilishwa jina.

Ukweli: Inategemea mshumaa upi. Wajerumani walitumia taa ya Hefner, iliyochoma amili asetati kwa mwali wa milimita 40, na mwanga wake ulikuwa kama kandela 0.9. Ukikuta jedwali la zamani la Kijerumani lenye apostilbi za Hefner, zidisha kwa 0.9 kwanza, ndipo ugawanye kwa pai.