Carolina Panthers: wakingaji walipaswa kuja kabla ya kwotabeki

Carolina Panthers walimaliza msimu wa 2023 kwa ushindi mara 2 na vipigo 15, rekodi mbovu kuliko timu zote 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mwaka huo. Kwa utaratibu wa ligi hiyo, timu inayoshika mkia hupewa haki ya kuchagua kwanza katika drafti, yaani siku tatu za mwezi Aprili ambapo timu hugawana kwa zamu vijana bora wanaotoka vyuo vikuu. Haki hiyo, hata hivyo, Panthers hawakuwa nayo tena. Walikwisha kuitoa kwa Chicago Bears mwezi Machi 2023 ili wapewe chaguo la kwanza la mwaka huo, walilolitumia kumchukua Bryce Young, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Bears nao wakaitumia kumchukua kwotabeki Caleb Williams.

Tangu hapo wafuatiliaji wa timu hiyo ya jijini Charlotte wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema kosa lilikuwa kumchagua Young badala ya kwotabeki mwingine, C.J. Stroud, na wapo wanaosema Young angefaa kama angepewa kocha mwingine. Mimi kazi yangu ni kuchambua mikataba na drafti, na hoja yangu ni tofauti na ya makundi yote mawili: Panthers walikosea mpangilio. Walinunua kitu cha mwisho kwanza, na miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kulipia jambo hilo.

Msomaji aliyezoea soka atahitaji maelezo mafupi kabla hatujaendelea. Katika NFL hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji mwenye mkataba hubadilishwa kwa mchezaji mwingine au kwa nafasi za kuchagua katika drafti, ikiwemo drafti ya miaka ijayo. Drafti ina raundi 7. Mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha baada ya angalau misimu minne huwa mchezaji huru, na soko la wachezaji huru hufunguliwa katikati ya Machi, wiki chache kabla ya drafti. Juu ya yote hayo kuna ukomo wa mishahara unaozifunga timu zote sawasawa: dola milioni 224.8 mwaka 2023, milioni 255.4 mwaka 2024 na milioni 279.2 mwaka 2025. Tajiri hawezi kuuruka ukomo huo kwa sababu tu ana fedha. David Tepper aliinunua Panthers mwaka 2018 kwa zaidi ya dola bilioni 2, lakini mfuko wa mishahara alionao ni uleule wa mmiliki mwingine yeyote.

Kwa kuwa mfuko ni mmoja kwa wote, anayefanikiwa ni yule anayepata mchezaji bora kwa bei ndogo, na hakuna mahali ambapo tofauti hiyo ni kubwa kama katika nafasi ya kwotabeki. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza na St. Louis Rams, alipewa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 78 kabla hajacheza hata mechi moja. Makubaliano ya mwaka 2011 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji yalifuta jambo hilo na kuweka kiwango maalumu cha mishahara kwa vijana wa drafti. Wa kwanza kuchaguliwa chini ya utaratibu mpya alikuwa Cam Newton, kwa Panthers hawahawa, kwa takriban dola milioni 22 katika miaka 4. Katika mwaka wa tano wa Newton timu ilishinda mechi 15 kati ya 16 na kufika fainali ya Super Bowl. Young naye alisaini mwaka 2023 kwa karibu dola milioni 38 za miaka 4, sawa na milioni 9.5 kwa mwaka, wakati ambapo kwotabeki mzoefu wa daraja la juu analipwa mara sita ya hapo. Dak Prescott wa Dallas alisaini mwaka 2024 kwa wastani wa milioni 60 kwa mwaka.

Kwa hiyo miaka minne ya mwanzo ya kwotabeki kijana ni dirisha. Ndani yake timu ina mamilioni ya ziada ya kuwalipa wengine, na likifungwa haliwi tena la bei hiyo. Panthers walilifungua dirisha lao wakati nyumba haikuwa na kuta.

Hebu tuangalie walichotoa ili kumfikia Young. Bears walipewa mpokeaji (mdakaji wa mipira inayorushwa na kwotabeki) DJ Moore, ambaye ndiye aliyekuwa mpokeaji pekee wa kutegemewa kikosini, pamoja na chaguo namba 9 na namba 61 za mwaka 2023, chaguo la raundi ya kwanza la mwaka 2024 na la raundi ya pili la mwaka 2025. Namba 61 yenyewe ilitoka San Francisco, sehemu ya malipo ya mkimbiaji (anayekimbia na mpira mkononi) Christian McCaffrey aliyeuzwa Oktoba 2022. Kijana wa umri wa miaka 21, asiye na umbo kubwa, akakabidhiwa timu iliyokuwa imekwisha kuwatoa McCaffrey na Moore, yaani watu wawili ambao angewatupia mpira kila alipobanwa.

Mbele yake kulikuwa na mstari wa wakingaji, watu wanaomlinda kwotabeki asifikiwe na wapinzani, uliobomoka mapema. Wakingaji wa ndani, wale wawili wanaosimama kushoto na kulia kwa senta (mkingaji wa katikati anayeanzisha mpira), waliumia na kubadilishwa mara kwa mara msimu mzima. Young aliangushwa na mpira mkononi mara 62. Kwotabeki mfupi huumizwa zaidi na uvamizi wa katikati kuliko wa pembeni, kwa sababu uvamizi wa katikati humziba macho na kumnyima nafasi ya kupiga hatua mbele ili auone uwanja. Kocha mkuu Frank Reich alitimuliwa baada ya mechi 11, na katika mechi mbili za mwisho za msimu timu haikupata hata pointi moja: 26-0 mbele ya Jacksonville, kisha 9-0 mbele ya Tampa Bay.

Stroud, aliyechaguliwa wa pili na Houston Texans, alipata tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa safu ya ushambuliaji. Sibishi kwamba mwaka ule alimzidi Young kwa mbali. Ninachosema ni kwamba bei iliyolipwa ingekuwa ileile kwa yeyote kati yao, na mstari wa wakingaji ungekuwa uleule. Kati ya ushindi wao 2 wa msimu mzima, mmoja Panthers waliupata dhidi ya Stroud mwenyewe, 15-13, na siutumii kama ushahidi kwamba Young alikuwa bora. Naukumbusha kwa sababu mechi moja au msimu mmoja hautoshi kumpima kijana.

Januari 2024 Dan Morgan, lainbeka (mlinzi wa safu ya pili) wa zamani wa timu hiyohiyo, aliteuliwa kuwa meneja mkuu, na Dave Canales akawa kocha mkuu. Uamuzi wao wa kwanza mkubwa ulikosolewa vikali, nami niliuunga mkono tangu siku ile: katika soko la wachezaji huru walimsajili Robert Hunt kutoka Miami kwa miaka 5 na dola milioni 100, na Damien Lewis kutoka Seattle kwa miaka 4 na dola milioni 53. Wote wawili ni wakingaji wa ndani, nafasi ambayo kwa kawaida haipewi fedha za namna hiyo. Waliokosoa walisema kwamba ukiwa na zaidi ya milioni 150 unanunua nyota. Tatizo la hoja hiyo ni kwamba soko la wachezaji huru haliuzi nyota wa nafasi ghali ila kwa nadra sana. Kwotabeki bora, mvamizi bora wa pembeni (mlinzi anayemkimbilia kwotabeki ili amwangushe) na mkingaji bora wa upande wa kushoto hawaachwi na timu zao kufika sokoni. Huongezewa mkataba au kuzuiwa kwa kifungu cha mwaka mmoja ambacho kila timu ina haki ya kukitumia kwa mchezaji mmoja. Wanaofika sokoni wakiwa wazima na wakiwa bora ni wakingaji wa ndani, sefti (walinzi wa nyuma kabisa) na walinzi wa kati. Kwa hiyo ni busara kununua sokoni kile ambacho soko linacho, na kuiachia drafti nafasi zisizopatikana sokoni. Mwaka 2024 Young aliangushwa mara 29, ingawa ni kweli alicheza mechi chache zaidi.

Suala la Brian Burns, mvamizi wa Panthers, ni gumu zaidi, na hapa uongozi wa zamani ndio unaobeba lawama. Mwaka 2022 iliripotiwa sana kwamba Los Angeles Rams walikuwa tayari kutoa chaguo mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya pili kwa mvamizi huyo, na Panthers wakakataa. Kumkataa mnunuzi wa aina hiyo kuna maana moja tu, kwamba unakusudia kumlipa mchezaji mwenyewe, lakini hawakumlipa. Machi 2024 alikwenda New York Giants, na kitu cha maana kilichorudi Charlotte kilikuwa chaguo namba 39.

Ninaipenda namna Morgan alivyoitumia namba hiyo. Aliipeleka kwa Rams akapata namba 52, namba 155 na chaguo lao la raundi ya pili la mwaka 2025. Kumbuka kwamba chaguo la Panthers wenyewe la raundi ya pili la mwaka 2025 lilikuwa limekwisha kwenda Chicago katika biashara ya Young, na Bears wakalitumia kumchukua mpokeaji Luther Burden III. Chaguo la Rams ndilo lililoziba pengo hilo, na ndilo lililowawezesha Panthers kupanda hadi namba 51 na kumpata mvamizi Nic Scourton.

Sikukubaliana na kila kitu. Kumchagua mkimbiaji Jonathon Brooks kwa namba 46 mwaka 2024, kijana aliyekuwa bado anauguza goti, ilikuwa anasa ambayo timu yenye mashimo mengi haikustahili kujiruhusu, tena katika nafasi ambayo ni rahisi kuijaza. Goti lilelile liliumia tena Desemba baada ya mechi tatu tu. Mwaka uliofuata Rico Dowdle alisajiliwa akiwa mchezaji huru kwa mkataba mdogo wa mwaka mmoja, akakimbia yadi 206 dhidi ya Miami na 183 dhidi ya Dallas katika wiki mbili zilizofuatana. Anayetaka kujua kwa nini wachambuzi wengi husita kumtumia mkimbiaji chaguo la juu, alinganishe gharama za watu hao wawili.

Mwaka 2024 ulinzi ulianguka vibaya. Derrick Brown, nguzo ya katikati, aliumia goti katika mechi ya kwanza, na hadi msimu unakwisha timu ilikuwa imefungwa pointi 534, nyingi kuliko timu yoyote katika historia ya NFL. Ndiyo maana drafti ya 2025 ilizua mjadala mkali. Panthers walikuwa na namba 8, na wengi walitaka mvamizi, hasa Jalon Walker wa Georgia. Morgan akamchukua mpokeaji, Tetairoa McMillan wa Arizona.

Alifanya sawa. Fedha za wachezaji huru zilikuwa zimekwisha kuelekezwa kwenye ulinzi: sefti Tre'von Moehrig kwa dola milioni 51 za miaka 3, Tershawn Wharton kwa ajili ya katikati, na beki wa pembeni Jaycee Horn aliongezewa mkataba wa milioni 100. Drafti ya mwaka ule ilikuwa na wavamizi wengi, na baada ya Scourton walimpata Princely Umanmielen kwa namba 77. Walker mwenyewe alishuka hadi namba 15. Wapokeaji wakubwa wa umbo la McMillan hawakuwa wengi kiasi hicho, na mpokeaji wa daraja lake, kama angepatikana sokoni, angelipwa mara kadhaa ya mshahara wa kijana wa drafti. Alivuka yadi 1,000 katika msimu wake wa kwanza. Timu ilishinda mechi 8, ikapoteza 9, ikatwaa ubingwa wa kundi lake, NFC Kusini, kisha ikatolewa na Rams 34-31 katika mechi ya kwanza ya mtoano.

Rekodi ya 8-9 si ya timu iliyokamilika, na ubingwa wa kundi dhaifu unaweza kumshawishi mmiliki mwenye haraka kuamini kwamba imebaki hatua moja. Hunt alichanika msuli wa mkono wiki ya pili ya msimu wa 2025, na mstari ukarudi kuwa wa kuungaunga. Hivyo hata uwekezaji mzuri unahitaji akiba nyuma yake, na akiba hiyo hupatikana raundi ya tatu na ya nne, zilezile ambazo timu zenye pupa hupenda kuzitoa. Kuhusu Young, sheria inairuhusu timu kumwekea mwaka wa tano kwa kuwa alichaguliwa raundi ya kwanza. Ni kwa haki hiyohiyo Panthers walipanda kutoka namba 33 hadi 32 mwaka 2024 ili kumchukua mpokeaji Xavier Legette, kwani 32 ni nafasi ya mwisho yenye kifungu hicho. Mimi ningeutumia mwaka wa tano wa Young bila kusita, na ningekataa kuzungumza mkataba mrefu hadi atakapocheza msimu mzima nyuma ya wakingaji walio wazima. Chaguo za raundi ya kwanza za miaka ijayo ningezizuia zisiuzwe kwa ajili ya mchezaji yeyote, hata kama jina lake linaujaza uwanja.