Je, wajua kwa nini jeli husukumwa kwenye visima vya mafuta vilivyozeeka?

Kisima cha maji kikichoka hukauka. Cha mafuta kikichoka huanza kutapika maji. Kila pipa moja la mafuta huweza kupanda na mapipa matatu, matano, hata tisa ya maji ya chumvi, na maji hayo lazima yatenganishwe na kusafishwa au kurudishwa ardhini, kwa gharama.

Ajabu ni kwamba mafuta huko chini hayajaisha. Mara nyingi karibu theluthi mbili bado yamo. Hayakai katika ziwa la chini ya ardhi, kama wengi tunavyodhani. Yamejibanza ndani ya vitundu vidogo vya mwamba wa mchanga au wa chokaa. Shinikizo la asili likishuka, maji husukumwa kupitia visima vya pembeni ili yayakumbe mafuta kuelekea kisima cha kuvunia. Hapo ndipo mambo huharibika, maana maji ni kama dereva wa bodaboda kwenye foleni: yakiona njia ya panya, yameshaingia. Ufa mmoja mpana, au tabaka moja linalopitisha kwa urahisi, hutosha. Yatapita humo humo miaka nenda miaka rudi, na mafuta ya tabaka la jirani hayaguswi.

Jeli hutumia tabia hiyo hiyo. Juu ya ardhi, polima (kemikali yenye molekuli ndefu kama minyororo) iitwayo poliakrilamaidi huyeyushwa majini pamoja na chumvi ya kromiamu kidogo, kisha mchanganyiko husukumwa ukiwa bado kimiminika. Nao hufuata njia rahisi, yaani ule ufa wenye matatizo. Baada ya saa au siku kadhaa, kromiamu huunganisha minyororo ya polima kuwa wavu unaoshika maji, na ufa huzibika. Maji yanayofuata hulazimika kupita kwenye mwamba wenye mafuta. Mbinu hii iliendelezwa miaka ya 1980 na Robert Sydansk wa kampuni ya Marathon ya Marekani, ikatumika katika visima vya bonde la Bighorn, Wyoming. Wachina nao walibuni chembe za jeli zilizotengenezwa tayari, ambazo huvimba zikikutana na maji; ni jamaa wa zile zinazonyonya mkojo ndani ya nepi.

Si dawa ya kila kisima. Joto kali na maji yenye kalisi nyingi huivunja polima ya kawaida. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kujua maji yanapita wapi kabla ya kusukuma chochote. Kwenye ufa, jeli hung'ara. Lakini kama matabaka mawili yanapitishiana maji, maji huzunguka kizibo na kurudi kwenye njia yake ya zamani hatua chache mbele, na fedha imepotea.

Katika hali kama hiyo ni afadhali kuongeza mnato wa maji yote, kwa polima isiyogandishwa. Ndivyo inavyofanyika Daqing, China, kwa kiwango kikubwa tangu 1996, na Marmul, kusini mwa Oman, tangu 2010, ambako mafuta ni mazito kiasi kwamba maji matupu huyapita tu na kuyaacha nyuma.