Asilimia ikipanda si kwamba jiwe limekaribia

Wiki hii nimetumiwa tena ule ujumbe wa sauti. Sikumbuki ni mara ya ngapi, ila safari hii umetoka kwa shangazi yangu wa Pangani, mtu asiyesambaza upuuzi. Bwana mwenye sauti nzito anazungumzia uwezekano wa jiwe la angani kuigonga Dunia: wanasayansi, anasema, walianza na asilimia moja, wakaja mbili, wakafika tatu, kisha wakaamka asubuhi wakasema sifuri. Jiwe haliwezi kurudi nyuma, anasema, kwa hiyo kuna jambo linafichwa. Chini yake shangazi kaandika maneno mawili tu: "Mwanangu, kweli?"

Si kweli, shangazi. Kazi yangu ni kupima asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka Jua, kwenye picha za darubini na kuzihesabia obiti, njia zinazopita, na hakuna kosa linalonichosha kama hili. Linachukua dalili kwamba hesabu inakwenda sawasawa na kuigeuza ushahidi wa uongo.

Jiwe lenyewe ni 2024 YR4. Lilionwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini ya ATLAS iliyoko Chile. Tarehe 29 Januari 2025 mtandao wa kimataifa wa kuonya kuhusu asteroidi ulitoa taarifa rasmi, kwa kuwa uwezekano wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032 ulikuwa umevuka asilimia 1. Tarehe 18 Februari ukafika asilimia 3.1, daraja la 3 kwenye skeli ya Torino, ile ya kupimia hatari ya mawe haya kuanzia 0 mpaka 10. Siku sita baadaye ulikuwa 0.004. Mstari wa mahali ambapo lingeweza kuangukia ulianzia mashariki mwa Pasifiki, ukakata Amerika ya Kusini upande wa kaskazini, Atlantiki, Afrika na Bahari ya Arabu mpaka Asia ya Kusini. Afrika ilitajwa, magrupu yakawaka moto.

Sasa nisikilizeni hapa. Jiwe hilo lilikuwa limeshatupita. Lilikuwa karibu kabisa nasi tarehe 25 Desemba 2024, siku mbili kabla ya kuonwa. Januari nzima na Februari nzima, wakati asilimia zinapanda, jiwe lilikuwa linakwenda zake, kila usiku mbali zaidi na hafifu zaidi kwenye picha zetu. Hakuna kilichokaribia, na hakuna kilichorudi nyuma. Kilichobadilika ni tunavyojua.

Shangazi amekulia ufukweni, kwa hiyo nitamweleza kwa jahazi. Umesimama Nungwi, jahazi limetweka tanga na kuelekea bara. Umelitazama dakika tano tu. Ukiulizwa litaingia wapi, ukiwa mkweli utasema popote kati ya Pangani na Bagamoyo, tuseme pwani ya kilomita 100. Ufukwe wa Kipumbwi, tuseme, una kilomita 1. Uwezekano wa kuingia Kipumbwi ni 1 kwa 100. Unalitazama nusu saa zaidi, mwelekeo wake unauona vizuri, unazikata ncha mbili za pwani na kubaki na kilomita 40. Kipumbwi bado imo katikati. Uwezekano sasa ni asilimia 2.5. Unaongeza nusu saa, unabaki na kilomita 20, Kipumbwi bado imo: asilimia 5. Nahodha hajagusa usukani. Kipumbwi haikusogea. Umekatakata tu pwani ambayo jahazi haliwezi kwenda, na kilomita ile moja imekuwa sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki. Ukitazama saa nzima zaidi, unabaki na kilomita 5, zote ziko kusini ya Kipumbwi. Asilimia inaanguka sifuri kwa mara moja, na watu wa Kipumbwi wanaendelea kukausha dagaa.

Dunia ni Kipumbwi. Ukanda wa obiti zinazokubaliana na picha zetu ndiyo pwani. Kila usiku wa kupima unaufupisha ukanda, na maadamu Dunia bado imo ndani, asilimia lazima ipande. Narudia, lazima. Ipande hata kama jiwe litapita mbali kabisa, mpaka siku ukingo wa ukanda unapoivuka Dunia na kuiacha nje. Kwa hiyo namna hii ya kupanda kisha kuporomoka ndiyo tunayoitarajia kwa karibu kila jiwe linaloingia kwenye orodha ya hatari. Sisi tunaofanya kazi hii tulikuwa tunaisubiri. Kosa letu ni kwamba hatukuwaambia watu mapema, mwezi Januari, kwamba namba hii itapanda kabla ya kushuka. Wangeisikia kwetu kwanza, yule bwana angekosa cha kusema.

Na magazeti yaliyoandika kwamba "hatari imepungua" hayakusaidia. Hatari haikupungua. Obiti ya jiwe ilikuwa ileile Januari na ileile Machi. Asilimia hupima mashaka yetu juu ya jiwe, si tabia ya jiwe.

Lakini nisiwe mwepesi wa kuwalaumu wengine tu. Ile 3.1, yenye nukta na desimali, inaonekana kama imepimwa kwa rula, na haikupimwa hivyo. Siku hiyohiyo NASA walipotoa 3.1, wenzao wa ESA, shirika la anga la Ulaya, walikuwa na 2.8. Hakuna aliyekosea. Kila timu huamua picha ya kituo gani iaminiwe zaidi, saa ya darubini ipi huenda ina hitilafu ya sekunde, na doa hafifu lililosambaa kwenye pikseli tatu lihesabiwe kitovu chake ni wapi. Ni maamuzi ya kitaalamu, lakini ni maamuzi. Nimeshakaa na picha moja jioni nzima nikijiuliza kama niiweke au niitupe, na najua kwamba kuitupa kungesogeza desimali. Vitabu vya kufundishia hutoa fomula na kuiacha jioni hiyo.

Haya yote tuliyaona miaka 20 kabla, kwa jiwe kubwa zaidi. Apophis iligunduliwa Juni 2004 kutoka Kitt Peak, Arizona. Desemba mwaka huo uwezekano wake wa kuigonga Dunia mwaka 2029 ukaanza kupanda, na tarehe 27 Desemba ukafika asilimia 2.7, daraja la 4, ambalo hakuna asteroidi nyingine imewahi kulifikia. Dunia haikusikia. Tarehe 26 Desemba 2004 ndiyo siku ya tsunami, maji yaliyoua watu kuanzia Sumatra mpaka pwani za Somalia, Kenya na Tanzania. Nani angesoma habari ya asteroidi siku ile? Na siku ileile ya 27, picha za Machi 2004 zilizokuwa zimelala kwenye kumbukumbu zikapatikana, Apophis imo humo hafifu, ukanda ukafupika, Dunia ikabaki nje. Mgongano wa 2029 ukafutwa. Ilipanda, ikaanguka.

Uwezekano wa Apophis kutugonga miaka ya baada ya 2029 ulichukua muda zaidi kufutwa. Jua hupasha uso wa asteroidi joto, na joto likitoka huisukuma kidogo sana, ila kwa miaka mingi kidogo hicho hujumlishana. Tunakiita nguvu ya Yarkovsky. Ndiyo iliyotufanya tushindwe kuufuta mgongano wa mwaka 2068, mpaka Machi 2021 rada ya Goldstone ilipoipima Apophis kwa usahihi wa kutosha. Kwa miaka 100 ijayo angalau, haitugongi.

Kwa hiyo mnaonitumia picha za "Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029", tarehe ni sahihi na siku ni sahihi. Siku hiyo jiwe la upana wa mita 340 hivi litapita kama kilomita 32,000 kutoka kwenye uso wa Dunia, chini kuliko satelaiti za madishi ya televisheni ambazo ziko kilomita 35,786. Litaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia. Litakuwa nukta kama nyota ya kawaida inayosogea taratibu kati ya nyota nyingine. Halitakuwa na mkia, wala halitakatiza kama kimondo. Litakapokuwa karibu kabisa, saa sita na dakika 46 usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa zetu, litakuwa limeshafika juu ya Atlantiki. Sisi tulitafute mapema, saa za kabla ya hapo, linapovuka Bahari ya Hindi na bara letu kwenda magharibi.

Vyombo vya anga vitakuwepo. ESA wanapeleka Ramses, kirushwe 2028 na kifike kabla ya jiwe kutupita. NASA wanacho OSIRIS-APEX, chombo kilekile kilicholeta mchanga wa asteroidi Bennu mwaka 2023, kitakachofika baada. Tunataka kuona mvuto wa Dunia utaifanya nini Apophis. Obiti yake itapanuka, mwaka wake ambao sasa ni kama siku 324 utavuka mwaka mmoja wetu, hilo lina hakika. Uso wake utaporomoka? Mawe yatahama? Modeli hazikubaliani. Mimi nadhani mabadiliko yatakuwa madogo, lakini ukinibana nitoe sababu nzuri, sina.

Mkitaka jambo la kuhofia kwa haki, achaneni na mawe yenye majina. Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, jiwe la mita 20 hivi lilipasuka angani na kujeruhi watu wapatao 1,500, wengi kwa vioo vya madirisha. Hakuna aliyeliona kabla, kwa sababu lilitokea upande wa Jua ambako darubini zetu za ardhini hazitazami. Lile la Sudan la Oktoba 2008, 2008 TC3, lilionwa saa 20 tu kabla ya kuanguka, na hilo lilikuwa la kwanza kuwahi kuonwa kabla ya kufika. Tangu hapo tumeboreka. Darubini ya Vera Rubin ya Chile ilipoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025, ilikuwa imeokota asteroidi mpya 2,104 kwa kazi ya usiku chache. Maana yake, shangazi, ujumbe wa namna hii utakufikia mara nyingi zaidi. Mawe mapya yataingia kwenye orodha, asilimia zitapanda, kisha karibu zote zitaanguka.

Mimi Aprili 2029 ninahofia mawingu. Ni masika, na Pangani wakati huo unaweza kukaa wiki nzima bila kuona nyota. Nimeshamwambia binamu yetu aliyeko Muscat, ambako mvua si ya kila siku, aweke simu yake tayari.