Gemu za mapigano na kifafa: maswali ya wazazi wa Mtwara na Lindi

Mwanangu ameanguka bandani akicheza gemu. Kweli gemu inaangusha mtu?
Inaweza, kwa wachache. Ipo aina ya kifafa inayochochewa na mwanga unaomwekamweka. Gemu za mapigano zimejaa mwanga huo: kila ngumi ina cheche, kila pigo kubwa linafunika kioo kizima kwa miale, hadi wapiganaji wenyewe hawaonekani. Mwanga ukimweka kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, ubongo wa mwenye hali hii unaweza kuvurugika. Wekundu uliokolea ni mbaya zaidi. Katika watu 100 wenye kifafa, wa aina hii ni kama 3, na wengi wao ni watoto na vijana.

Mbona wenzake walikuwa wanatazama kioo hichohicho na hawakuanguka?
Kwa sababu hawana hali hiyo. Gemu haimpi mtu kifafa, inakifichua tu.

Bibi yake anasema ni majini, asomewe kwanza.
Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni moja ya televisheni ilimwekesha mwanga mwekundu na wa buluu kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Majini gani hao wa kupanda watoto wote hao jioni moja? Mleteni mtoto hospitali kwanza.

Lakini kombe na ubani vina ubaya gani?
Dua ombeni, hakuna anayewazuia. Ubaya ni siku zinazopotea. Tunaletewa watoto walioanza kuanguka kabla ya msimu wa korosho, na msimu umekwisha. Fedha zimeishia kwa mganga, mtoto ameshaungua jikoni au amekatishwa shule. Akianguka kwa mara ya kwanza, apelekwe siku hiyohiyo. Kituo cha afya kilicho jirani kinatosha kwa kuanzia, na wao ndio watakaompa rufaa kwenda hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda ikihitajika. Na kama ana homa, msianze kubishana kuhusu gemu: apimwe malaria haraka.

Akiwa anatetemeka tufanye nini?
Ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlegezeeni kola, mlazeni ubavu, mtazame saa. Basi. Msimkandamize. Kijiko mdomoni hapana, kinavunja meno. Kumnusisha kiatu, kitunguu au kiberiti hapana pia, na sijui nani aliwafundisha. Povu lake haliambukizi, kwa hiyo kumkimbia ni ukatili tu. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akirudia kabla hajazinduka, tafuteni bodaboda, bajaji, chochote, aende hospitali. Hospitali, si kwa mganga aliye njiani.

Anasema macho huanza kumchezacheza kabla ya kuanguka. Ayafumbe?
Kufumba hakutoshi, mwanga unapenya kope. Afunike jicho moja kabisa kwa kiganja, ageuze uso pembeni, aondoke kwenye kioo.

Ameanza dawa, miezi miwili hajaanguka. Tuache?
Hapana! Hajaanguka kwa sababu anameza dawa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege refu kuliko lile la kwanza. Muda wa kuacha hupangwa na daktari, tena kwa kupunguza kidogo kidogo. Na aliyewaambia dawa za hospitali "zinawaudhi wazee wa kichwani" aje tuzungumze naye.

Atacheza tena?
Muulizeni daktari wake. Akiruhusiwa, akae mbali na kioo, taa ya chumba iwake, apumzike mara kwa mara, na kwenye mipangilio ya gemu apunguze mimweko. Gemu nyingi za sasa zina sehemu hiyo. Asicheze akiwa na usingizi, maana kukosa usingizi peke yake kunaweza kumwangusha. Wenye mabanda mnaowaacha watoto hadi usiku wa manane gizani, hili linawahusu.