Kiwango cha vitamini D na hatari ya kiharusi: maana yake nini?

Kwenye majibu ya maabara vitamini D huandikwa kwa jina refu, 25-haidroksivitamini D, na mbele yake kuna namba. Tuseme ni 14, na pembeni pana alama ya kuonyesha iko chini. Mgonjwa anarudi nyumbani, anatafuta mtandaoni, anakutana na neno "kiharusi". Usingizi unaisha hapo.

Tuanze na namba yenyewe. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ini huigeuza kuwa hii inayopimwa, kisha figo huifanya homoni kamili inayofanya kazi mwilini. Maabara hupima ile ya ini kwa sababu hudumu kwenye damu wiki mbili hadi tatu, ilhali ya figo huisha baada ya saa chache tu. Kizio chake ni nanogramu kwa mililita, ingawa maabara nyingine hutumia nanomoli kwa lita, ambapo 14 ileile husomeka 35. (Wapo wanaobadilisha maabara, wakaona 35, wakadhani dawa imefanya kazi.) Chini ya 12 ni upungufu wa wazi, kuanzia 20 huwatosha watu wengi, japo wapo madaktari wanaotaka 30.

Kiharusi nacho hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa kupasuka. Tafiti nyingi zilizofuatilia watu kwa miaka zimekuta kwamba wenye vitamini D ya chini hupata kiharusi zaidi. Hilo ni kweli. Kosa ni kuruka kutoka hapo hadi kusema upungufu ndio ulioleta kiharusi.

Mfikirie mtu mwenye kisukari, mnene, magoti yanamuuma, hatoki nje. Jua halimpati. Vitamini kidogo aliyo nayo inajificha kwenye mafuta ya mwili. Namba yake itakuwa chini, na mishipa yake imeshaanza kuharibika kwa sababu nyingine kabisa. Namba ile inafuata afya yake kama kivuli; ukikirefusha kivuli, mtu harefuki.

Njia ya kupima hoja hii ni kuwapa watu vitamini D na kusubiri. Marekani, jaribio la VITAL liliwagawa kwa bahati nasibu watu 25,871: nusu walimeza yuniti 2,000 kila siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka mitano na ushei, matokeo yakatoka 2018: waliomeza vitamini hawakupungukiwa na kiharusi. Majaribio ya New Zealand na Australia, yaliyotoa dozi kubwa mara moja kwa mwezi, nayo hayakuonyesha kinga hiyo. Ni haki kusema kwamba wengi wa washiriki wa VITAL hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, kwa hiyo matokeo yake hayamjibu moja kwa moja mtu mwenye 8.

Basi mwenye 14 afanye nini? Atibiwe, lakini kwa ajili ya mifupa na misuli. Kuhusu kiharusi, aulize presha yake ni ngapi, sukari ikoje, na kama anavuta sigara aache. Na asijiongezee dozi kwa hofu: vitamini D ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu, mtu akaanza kutapika, kukojoa mara kwa mara, na hatimaye kuumia figo.